Mama Msasa na Shikamoo Yangu

Mie ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, nasema hivyo bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyo. Shule niliiacha darasa la tano. Leo nina duka la samani Tegeta, upande wa kuelekea Wazo, lina vioo kuanzia chini mpaka juu, na vumbi la saruji linapita nje likichungulia tu. Watu wenye digrii zao wananiita bosi. Kitanda nilichokiunga mie ukilalia miaka ishirini hakitoi mlio. Ila yupo mtu mmoja niliyemwamkia shikamoo akakataa kuniitikia, na hiyo shikamoo nikaishi nayo kooni miaka saba kama mwiba wa samaki. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Tulimwita Mama Msasa. Keko enzi zetu mafundi tulipanga vitanda na makabati barabarani, kila mtu na banda lake la bati, na kila mtu na kazi yake. Sie wanaume tulikata na kuunga. Yeye alisugua kwa msasa na kupiga vanishi. Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, mikononi kavaa soksi za shule zilizotobolewa vidole, khanga kaifunga puani kama mtu anayekwenda kuiba asali. Kimo chake kifupi. Akisimama nyuma ya kabati la milango miwili, unasikia tu kwaru, kwaru, kwaru, humwoni mtu.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake nani. Lafudhi ilikuwa ya kusini, na ukimuuliza miaka yake alikupa mingine kila mara, halafu anakutazama aone kama utathubutu kuhesabu.

Kama hujawahi kupiga vanishi kando ya barabara, huwezi kujua kazi ya yule mama ilikuwaje. Mie kosa langu la kukata naliona hapo hapo, nachukua ubao mwingine. Yeye alimaliza kabati likang'aa kama maji, halafu lori likapita, vumbi likatua lote juu yake. Au kuku wa jirani akatembea juu ya meza, akaacha vidole vitatu vitatu mpaka ukingoni. Au manyunyu. Hakuna wiki iliyopita bila kitu kuharibika, na kiliharibika mwishoni kabisa, kazi ikiwa imeshakwisha.

Sasa fundi yeyote, akiona vumbi limetua kwenye vanishi mbichi, mkono wake unakwenda wenyewe. Anachukua kitambaa, anakitia thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, anafuta. Na hapo ndipo anapomaliza kuharibu, maana ile mbichi inavutika, inafanya michirizi, inachubuka mpaka kwenye mbao. Kosa la dakika moja linakuwa kazi ya siku mbili. Nimewaona mafundi wenye miaka kumi kazini wakilifanya. Mie mwenyewe nimelifanya, na tutafika huko.

Mama Msasa hakufuta. Alisimama, akaangalia yale mavumbi, akasema, "Haya." Akaenda kwenye kazi nyingine. Kile kilichoharibika alikiacha kikauke na uchafu wake wote. Kikikauka alikuja kukipima kwa shavu, siyo kwa kidole. Alisogeza shavu karibu na mbao kama anayetaka kusikia siri, akavuta pumzi, akajua kama imekauka. Hapo sasa alichukua msasa laini, namba mia mbili na arobaini, akapitisha, vumbi likaondoka, akapiga mkono mwingine wa vanishi, tabaka jipya juu ya lile la kwanza. Mteja akija haoni kitu.

"Mkono wa kwanza siyo wa kuonyesha watu," aliniambia mara moja nilipokuwa namharakisha. "Huo ni wa kuharibika."

"Na ukiharibika wa pili?"

"Basi na wenyewe ulikuwa wa kwanza."

Alikuwa na mkoba wa plastiki wenye mistari, na ndani ya mkoba kila kitu kilikuwa cha pili, cha akiba. Kandambili za pili. Khanga ya pili. Sindano ya pili. Kipande cha pili cha msasa, kimekunjwa ndani ya gazeti. Tulimtania sana. Seremala mmoja jirani yangu, mtu wa maneno, alimwambia, "Mama, na mume wa pili yumo humo?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Yumo, ila namfungia, mkimwona mtajiona hamfai." Siku hiyo yule seremala aliitwa Hafai mpaka jioni.

Mtu akisoma hapa atadhani naandika habari za mtu asiyeumia. Hapana. Asubuhi moja ya mvua alikuja na pindo za gauni zimelowa mpaka magotini. Akavaa soksi zake, akaanza kazi. Saa nne hivi akapotea nyuma ya rundo la mbao. Alikaa kama robo saa. Alipotoka uso umeoshwa, macho mekundu.

Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalia. Nimemaliza. Hili kabati la nani?"

Mchana ndipo tukajua kwa mtu mwingine kwamba maji yaliingia chumbani kwake kule Mtoni, yamechukua unga, yamelowesha godoro na nguo zote. Tukamzunguka kwa pole nyingi, kila mtu na yake, mwingine anaanza kulaumu mifereji, mwingine serikali, mwingine mwenye nyumba. Akatusikiliza wote.

"Pole nimezipokea," akasema. "Godoro liko kwenye uzio, lina siku mbili mpaka likauke, nikilitazama halikauki upesi. Sasa nani kanichukulia msasa wangu, ile mia mbili na arobaini?"

Mie niliona ni ukavu wa moyo. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, najiona najua. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia kwa zamu yake na kufanya kazi kwa zamu yake, na moja isile zamu ya nyingine.

Ila siwezi kumfanya malaika, angenicheka. Mambo makubwa aliyabeba, madogo yalimshinda. Ukimpa chai yenye sukari kidogo alinuna kama umemtukania mama yake. Miavuli ya watu aliazima na hakurudisha, naamini hata leo ana wangu. Na mpira ndio kabisa. Timu yake ikifungwa Jumamosi, alikuwa hasemi na mtu mpaka Jumanne. Nyumba kujaa maji, robo saa. Goli la kichwa, siku tatu. Nilimwambia hilo, akasema, "Maji hayakuwa na kipa. Yule kipa alikuwa amesimama pale, namwona."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mzee mmoja wa Kinondoni, karani mstaafu, alikuwa anamwoza binti yake. Akaniagiza kitanda cha mninga. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilikuwa Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi kitanda kilitakiwa kitangulie nyumbani kwa mwanamume, kikisindikizwa na mashangazi na vigelegele. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwa watu wa aina ile. Ule ubao wa kichwani niliuchonga kwa mkono wangu, maua na matawi, mpaka leo sijaona wa kuufikia.

Alhamisi Mama Msasa alikuwa amebakiza mkono wa mwisho wa vanishi. Akatazama juu. "Tusipige leo. Hewa nzito."

"Piga, mama. Mie ndiye niliyeahidi watu."

"Kesho asubuhi tunapiga, mchana imekauka."

"Nimesema piga."

Akapiga. Hakumaliza hata kukunja kitambaa, mvua ikaja na upepo wake, ikaingia kwa ubavu chini ya bati. Matone yakatua kwenye ule ubao wa kichwani. Siyo mengi. Mie nikaruka na kitambaa cha thina.

"Usiguse," akasema. "We, usiguse, acha."

Nikagusa. Nilifuta huku na huku kama mtu anayezima moto, na kila nilipofuta rangi iliondoka, pakabaki mabaka meupe kama ugonjwa wa ngozi. Nilipoinua kichwa, yule mzee wa Kinondoni alikuwa amesimama mbele ya banda, mwavuli mkononi, na mashangazi wawili nyuma yake. Walikuwa wamekuja kukiona kitanda.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

Kitambaa nilikuwa nimekishika mimi. Nikakiweka juu ya ndoo ya Mama Msasa, nikasema, "Ni huyu mama, mzee. Nilimwambia hewa siyo, hakusikia."

Mafundi wote wa pale walikuwepo na wote waliona. Hakuna aliyesema kitu. Oda zikinizidi, mie ndiye niliyekuwa nawapa kazi.

Mama Msasa hakunitazama. Alikitazama kitanda. Halafu akamwambia yule mzee, "Kitakuwa tayari Jumamosi asubuhi."

"Si kwa mkono wako," mzee akasema. Shangazi mmoja akasonya.

"Hapa mkono wa vanishi ndio huu, baba. Mwingine hakuna."

Akakiacha kikauke. Ijumaa asubuhi nzima alikaa juu ya ndoo mbele ya yale mabaka, mikono mapajani. Mie nilizunguka banda kama kuku anayetaka kutaga. Nilimwomba aanze, nilimgombeza, hakunijibu. Mchana akasogeza shavu. Akachukua msasa. Akasugua ule ubao ua kwa ua, tawi kwa tawi, akarudisha rangi, akapiga mkono mmoja, akasubiri, akapiga wa pili. Jumamosi saa mbili kitanda kiliondoka kikiwa kizuri kuliko mwanzo, naapa, na mie nikapokea sifa zote nimesimama mlangoni.

Gari lilipokata kona, akavua soksi. Akazikunja, akazitia kwenye mkoba, akasema, "Haya." Hakurudi Jumatatu, wala siku nyingine.

Nilimfuata wiki ile ile. Nilibeba doti ya khanga na kilo mbili za sukari, maana namjua na chai yake. Nilimkuta uani kwake Mtoni anaosha vyombo.

"Shikamoo, mama."

Akasuuza sahani. Akaisimamisha. Akachukua nyingine. Jirani yake aliyekuwa anaanua nguo alimtazama, akanitazama mimi, akaingia ndani. Mtu wa kwetu ajuaye maana ya shikamoo kukosa marahaba ataelewa nilivyosimama pale. Hata adui unamwitikia.

Mwisho akasema, "Umeleta khanga."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Unafuta tena mbichi." Hakuwa na hasira, alisema kama anavyomrekebisha fundi. "Halafu hukunisema hapa kwangu. Ulinisema kule. Hapa umekuja kusugua nini?"

Nikarudi na khanga zangu. Nyumbani nilimpa mke wangu nikasema ni zawadi, akafurahi mpaka nikaona haya.

Kule ni wapi nilijua. Ni Kinondoni kwa yule mzee, na ni mbele ya mafundi. Lakini jina langu lilikuwa limeanza kupanda. Yule mzee alinitafutia wateja saba. Nikajiambia nitakwenda mambo yakitulia. Mambo yakatulia, sikwenda. Nikanunua mashine ya kupulizia vanishi, nikajenga karakana yenye kuta, kuku na vumbi haviingii. Nikafungua duka. Mafundi wakiniuliza nilijifunza wapi, nawaambia, mie sikufundishwa na mtu.

Huo ulikuwa uongo wa pili, maana kazi alinifundisha yeye, na siyo ya vanishi tu. Mwaka wa tatu wa duka, gari langu la mizigo lilipinduka Barabara ya Pugu likiwa na seti nne za makochi ambazo hazijafika kwa wenyewe. Dereva mzima, makochi yametandazwa lami nzima kama yamepangwa kuuzwa. Simu zinaita. Mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe, nimfukuze dereva, niwadanganye wateja, nikope haraka nifunike. Badala yake nikaenda nyuma ya lile gari nikalia. Mie, na tumbo langu hili na saa mkononi. Nililia robo saa, nikanawa kwa maji ya chupa, nikarudi nikasema, "Nimemaliza. Hili kochi la nani?" Nikawapigia wenyewe mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Wawili walitukana, wote wanne walisubiri. Hayo yamenitokea mara nyingine tatu, mwizi, moto mdogo, na mafundi watano kuhama siku moja. Kila mara nilisogeza shavu kwanza. Kwa watu niliwaambia ndio akili yangu ya kuzaliwa.

Juzijuzi, mchana, akaingia dukani mwanamke amembeba mtoto begani, anatafuta kitanda kidogo. Akanitazama akacheka.

"Bosi hunikumbuki. Mie ndiye binti wa kile kitanda cha mninga. Miaka saba, hakina hata mkwaruzo."

Nikafurahi, nikawaita vijana wa duka waje wasikie. Akaendelea kwa sauti, wateja wengine wanageuka. "Jamani huyu kaka ni fundi. Kitanda kiliharibiwa na mama mmoja kule Keko, siku mbili kabla ya harusi, huyu akakiokoa. Baba mpaka leo akienda kwenye sendofu ya mtu anasimulia. Anasema angalieni mafundi wenu, msije mkapata kama yule mama."

Nilikuwa najua nimesema uongo siku moja. Sikujua kwamba ulikuwa unatembea. Miaka saba yule mama anaharibu kitanda kwenye kila shughuli ya Kinondoni.

Nikashika kaunta. "Dada," nikasema, "aliyeharibu kile kitanda ni mimi. Alinikataza nikafuta. Nikamsingizia mbele ya baba yako. Na aliyekiokoa ni yeye, kwa mikono yake, mie nilikuwa nazunguka tu."

Yule dada akamhamisha mtoto bega la pili. Akatoa simu, akabonyeza, akaniwekea mkononi. "Mwambie baba mwenyewe."

Nikamwambia.

"Nimemsimulia yule mama kwenye harusi sita," mzee akasema. "Sasa mimi nitaanzia wapi?"

Ijumaa yake nilikwenda Keko, nikasimama kwenye lile banda, sasa lina mtu mwingine, nikawaambia waliobaki. Yule seremala tuliyemtania Hafai alikuwepo, kazeeka. Akasema, "Sie tulijua siku ile ile, bosi. Aliyejifanya hajui ni wewe tu." Ndiye aliyenielekeza Gongo la Mboto alikohamia mama, karibu na mwisho wa lami, nyumba yenye mlango wa bluu.

Sikubeba khanga. Nilibeba kigoda kimoja cha mninga kutoka karakana yangu, sijui kwa nini, labda nilitaka aone nilipofika.

Alikuwa kibarazani. Mdogo zaidi, na macho yote mawili yameingia ukungu. Jirani aliyenifungulia geti alisema hospitali ilimpa siku ya kusafishwa jicho la kwanza, kisha ikaahirishwa, kisha tena. "Mie nawaambia hakuna neno," Mama Msasa akadakia, "ninalo la pili." Halafu akageuza kichwa upande wangu. "Nani huyo anayenukia thina?"

"Shikamoo, mama."

Akanyamaza. Nikaketi chini kwenye saruji na suruali yangu ya kufanyia mikutano, nikamweleza. Dukani, simu, Keko. Nilimweleza na zile harusi sita, sikumficha. Akanyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani. Nilisubiri. Jirani alitaka kumfuata, nikamwambia mwache, anarudi. Alirudi uso umelowa maji, akakaa.

"Walikuwepo wangapi dukani?"

"Kama kumi na mmoja."

"Na Keko?"

"Waliobaki wanne. Wengine nitawatafuta."

"Hicho ulichobeba ni nini?"

Nikamwekea kigoda mapajani. Akakipapasa juu, taratibu, kwa vidole vilivyokuwa vinajua zaidi ya macho ya mafundi wangu wote. Akakisogeza shavuni. Nilijivuna kidogo, nisiseme uongo, ile ni kazi nzuri. Kisha akakigeuza, akapitisha kidole chini ya kalio la kigoda, kwenye kona za miguu.

"Huku mashine haifiki."

"Huko hakuna anayepaona, mama."

"Mie sioni popote, na nimepaona."

Akanyoosha mkono kando ya mlango, akavuta ule mkoba wa mistari, ule ule, akatoa gazeti lililokunjwa, ndani yake kipande cha msasa. Akanipa. Nikakipakata kigoda nikaanza kusugua zile kona. Jua lilikuwa linasogea kutoka kibarazani, jirani akaleta chai. Mama Msasa akaonja yake akakunja uso, sukari kidogo. Mie nasugua. Dakika nyingi zilipita hivyo, kwaru, kwaru, yeye kainamisha sikio anasikiliza.

"Marahaba," akasema.

Nikasimamisha mkono.

"Mbona umeacha?" akauliza. "Hiyo kona ya kushoto bado. Na kipande hicho kikiisha makali sema, humu kuna kingine."